Damu Ndani ya Jicho la Mtoto: Ushahidi wa Malaria ya Ubongo

Katika hospitali za nchi zenye malaria nyingi, hasa majira ya mvua, hufikishwa watoto wadogo waliopoteza fahamu. Maelezo ya wazazi hufanana: mtoto alishikwa na homa kwa siku moja au mbili, akakataa chakula, akatapika, akapatwa na degedege, na baada ya degedege hakuamka tena. Tone la damu huchukuliwa kidoleni mwake, hupakwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini. Vimelea vya malaria vikionekana, watu wengi huhesabu kwamba swali limekwisha jibiwa: malaria imepanda kichwani.

Jibu hilo huwa sahihi mara nyingi, lakini si mara zote. Na pale linapokosea, mtoto anaweza kufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta. Katika sehemu ambazo malaria haikatiki mwaka mzima, mtoto mwenye afya, anayecheza na kula vizuri, anaweza kuwa na vimelea katika damu yake bila ya kuugua. Mtoto huyo akipatwa na homa ya uti wa mgongo, au akinywa sumu, au akianguka na kuumia kichwa, hadubini itaonyesha vimelea vilevile. Vimelea hivyo vitathibitisha kwamba mtoto aliumwa na mbu mwenye malaria. Havitathibitisha kwamba ndivyo vilivyompotezea fahamu.

Kwa muda mrefu madaktari hawakuwa na njia ya kuzitenga hali hizo mbili wakati mgonjwa angali hai. Njia iliyokuja kupatikana katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata iko mahali ambapo wachache wangefikiri kutafuta, yaani ndani ya jicho. Humo malaria ya ubongo huacha matone madogo ya damu, pamoja na alama nyingine ambazo mtoto mwenyewe hazihisi wala mzazi wake hawezi kuziona.

DIRISHA LA UBONGO

Jicho limeundwa mfano wa kamera ya picha. Mbele pana konea, ambayo ni ngozi ngumu inayopitisha mwanga. Nyuma yake pana mboni, yaani tundu jeusi linalopanuka gizani na kufinyika penye nuru. Kisha lenzi, na baada ya lenzi ute mzito mwangavu unaojaza sehemu kubwa ya jicho. Ukuta wa nyuma umetandikwa retina, utando mwembamba ambao unene wake haufiki nusu milimita. Kazi ya retina ni kama ile ya filamu: huipokea taswira na kuipeleka ubongoni kwa njia ya mshipa wa fahamu wa jicho.

Retina haikuunganishwa na ubongo kwa waya tu, kama kengele inavyounganishwa na mtambo wake. Katika wiki za mwanzo za mimba, retina huchipuka kutoka katika ubongo wenyewe wa mtoto aliye tumboni, nayo hubaki kuwa tawi la ubongo maisha yote. Mishipa yake midogo ya damu imejengwa kwa namna moja na ile ya ubongo: chembe za kuta zake zimeshikamana sana, na hazikiachii kila kilichomo katika damu kipenye na kuingia katika nyama iliyo jirani. Kwa sababu hiyo, mengi yanayoipata mishipa midogo ya ubongo huipata pia mishipa ya retina. Tofauti iliyopo ni kwamba ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, ilhali retina iko nyuma ya dirisha.

Dirisha hilo lilifunguliwa na mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, ambaye mwaka 1851 alitangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, kiitwacho ofthalmoskopu. Kifaa hicho hupeleka mwanga ndani ya mboni na kumwezesha mtazamaji kuuona mwanga huo unaporudi kutoka kwenye retina. Tangu hapo daktari ameweza kuiona mishipa ya damu ikiwa kazini, ateri na vena, katika rangi zake halisi, bila ya kupasua ngozi.

JINSI MISHIPA INAVYOZIBA

Ili kufahamu kwa nini damu huvuja ndani ya jicho, inafaa kwanza kufuata safari ya kimelea. Malaria inayoua watoto wengi barani Afrika huletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Mbu jike wa jamii ya anofelesi hukiingiza mwilini anapouma. Kimelea hukaa kwanza katika ini, kikazaliana humo, kisha wazaliwa wake huingia katika damu na kuzivamia chembe nyekundu.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8, na mikromita moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Mishipa iliyo midogo kabisa, iitwayo kapilari, mara nyingi ni myembamba kuliko chembe hiyo. Chembe yenye afya hupita kwa kujikunja, kwani ni laini na hunyumbuka. Kimelea kikiisha kuingia ndani ya chembe, hukaa humo kwa muda wa saa 48 hivi, kikila hemoglobini, ambayo ndiyo inayoipa damu rangi nyekundu na kuchukua oksijeni. Kadiri kimelea kinavyokua, chembe hupoteza ule ulaini wake. Zaidi ya hayo, kimelea hutoa protini zinazosukumwa hadi nje ya chembe na kutokeza kama vinundu. Vinundu hivyo hunata. Chembe yenye vinundu ikifika katika mshipa mdogo, hujishikiza ukutani na kukaa hapo.

Kunata huko kuna manufaa kwa kimelea. Chembe zilizoharibika zikipita katika wengu, hutambuliwa na kuchujwa. Ile iliyojishikiza mahali haifiki katika wengu, na kimelea kilichomo hukomaa kwa usalama. Lakini manufaa ya kimelea ni madhara kwa mtoto. Chembe zilizonata huongezeka, njia ya damu huwa nyembamba, na mahali pengine huziba kabisa. Nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa oksijeni na sukari. Ukuta wa mshipa nao hudhoofika, maji ya damu huanza kupenya, na hatimaye damu yenyewe huvuja.

Hapo ndipo upungufu wa kipimo cha kidoleni unapoonekana. Damu inayochukuliwa kidoleni ni ile inayotembea, na vimelea vinavyotembea kwa kawaida ni vile vichanga ambavyo bado havijaanza kunata. Vile vilivyokomaa, ambavyo ndivyo vyenye hatari, vimejificha katika mishipa ya ndani. Mtoto anaweza kuwa na vimelea vichache chini ya hadubini, kumbe ubongo wake umejaa. Na mwingine anaweza kuwa na vingi, kumbe ubongo wake haukuguswa. Retina huonyesha kile ambacho kioo cha hadubini hakiwezi kukionyesha, kwa maana humo mishipa iliyoziba hutazamwa moja kwa moja.

ALAMA NNE

Mabadiliko yanayoletwa na malaria katika retina huitwa kwa jumla retinopathi ya malaria. Alama zake ni nne.

Ya kwanza ni matone ya damu. Huwa madogo, mekundu, yenye umbo la mviringo, nayo yaweza kuwa moja au mawili tu, au kufika makumi mengi katika jicho moja. Mengi yana kitovu cheupe, hata hufanana na pete. Katika ubongo wa watoto waliokufa kwa malaria huonekana matone kama hayo, yaliyouzunguka mshipa mdogo ulioziba.

Ya pili ni weupe wa retina. Retina yenye afya hupitisha mwanga, na rangi ya jicho ionekanayo kwa nyuma ni ya machungwa iliyoiva kwa wekundu. Sehemu zilizokosa damu huvimba kidogo na kugeuka nyeupe kama kioo chenye ukungu. Mwaka 2009 wachunguzi walitangaza matokeo ya kupiga picha za macho ya watoto baada ya kuwadunga dawa ya rangi ing'aayo katika mshipa wa damu. Rangi hiyo iliingia katika mishipa iliyo wazi na kukoma kwenye ile iliyoziba. Na sehemu ambazo haikufika ndizo zilizokuwa nyeupe.

Ya tatu ni kubadilika rangi kwa mishipa. Mishipa ambayo ingepasa kuwa myekundu huonekana ya rangi ya machungwa au nyeupe kabisa. Sababu yake inafuatana na yale yaliyokwisha elezwa: kimelea kimekula hemoglobini, na chembe iliyopungukiwa hemoglobini hupauka. Chembe hizo zikijipanga kwa wingi katika kuta, mshipa mzima huchukua rangi yao. Ulinganisho wa macho na mishipa iliyotazamwa kwa hadubini baada ya kifo, uliotangazwa mwaka 2000, ulithibitisha jambo hilo.

Ya nne ni kuvimba kwa kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho, pale unapoungana na retina. Uvimbe huo huonyesha kwamba shinikizo ndani ya fuvu limepanda.

Katika hizo nne, weupe wa retina ulivyo katika ugonjwa huu na rangi ya mishipa ndizo alama za malaria hasa. Matone ya damu na uvimbe huweza kuletwa pia na maradhi mengine. Lakini matone hayo yana thamani yake ya pekee, kwani huhesabika, na hesabu yake inasema jambo kuhusu ubongo.

UCHUNGUZI WA BLANTYRE

Sehemu kubwa ya maarifa haya ilikusanywa katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi. Huko Malcolm Molyneux na Terrie Taylor, pamoja na wenzao, walianza katika miaka ya 1980 kuwafuatilia kwa makini watoto wenye malaria ya ubongo. Mwaka 1989 walitangaza kipimo cha kupoteza fahamu kwa watoto wadogo ambao hawajajua kusema, kiitwacho kipimo cha Blantyre. Mchunguzi hutazama mambo matatu: kama macho ya mtoto hufuata kitu, kama huusukuma mkono unaomwumiza, na kama hulia ipasavyo. Alama huwa kati ya 0 na 5. Mtoto mwenye alama 2 au chini yake huhesabiwa kuwa amezimia.

Daktari wa macho Susan Lewallen alijiunga na kazi hiyo, na mwaka 1993 zikatangazwa habari za mabadiliko yaliyoonekana katika macho ya watoto wa Malawi. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, wachunguzi nao walipiga picha za retina za watoto wenye malaria kali, wakatangaza matokeo yao mwaka 1997. Alama zilizoonekana Malawi zilikuwapo Kenya pia. Ilikuwa dhahiri kwamba jambo hili halikuwa la hospitali moja.

Lakini swali gumu lilibaki. Je, ni kweli kwamba jicho lenye alama hizo lina ubongo uliozibwa na vimelea, na kwamba jicho lisilo na alama lina ubongo uliosalimika? Swali hilo lingeweza kujibiwa kwa uchunguzi wa maiti tu, na uchunguzi wa maiti ya mtoto ni jambo zito kwa mzazi yeyote. Wako wazazi wa Malawi waliokubali wakiwa katika msiba, na maarifa yaliyopatikana ni matunda ya ridhaa yao.

Mwaka 2001 lilitangazwa tokeo moja: idadi ya matone ya damu katika retina ilikwenda sambamba na idadi ya matone katika ubongo. Mtoto aliyekuwa na matone mengi jichoni ndiye aliyekuwa na mengi kichwani.

Mwaka 2004 lilitangazwa tokeo jingine, ambalo liliwashtua madaktari wengi. Watoto 31 waliokuwa wamekufa walichunguzwa. Wote walikuwa na vimelea katika damu, wote walizimia, na wote walihesabiwa kwa kanuni zilizokubaliwa kuwa na malaria ya ubongo. Kati yao, 24 walikuwa na vimelea vilivyonata katika mishipa ya ubongo. Waliobaki 7 hawakuwa navyo, na kila mmoja alionekana kuwa alikufa kwa sababu nyingine. Hii ni kama kusema kwamba karibu mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na ugonjwa ambao haukutajwa alipokuwa kitandani. Na dalili zote zilizoandikwa katika faili zilipopimwa, dalili moja tu ndiyo iliyowatenga waliokufa kwa malaria na wale waliokufa kwa mengine. Dalili hiyo ilikuwa retinopathi.

Si watoto wote wanaozimia kwa malaria wanaokufa. Walio wengi hupona wakipata matibabu. Hata hivyo, kwa walio hai pia jicho lina habari ya kutoa. Watoto wenye matone mengi ya damu huchelewa kuzinduka, na hatari yao ya kufa ni kubwa zaidi. Mwaka 2015, baada ya hospitali hiyo ya Blantyre kupata mashine ya kupiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku, zilitangazwa habari za watoto 168 ambao malaria yao ya ubongo ilikuwa imethibitishwa kwa kutazamwa macho. Watoto 25 kati yao walikufa, na 21 katika hao 25 ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Miongoni mwa waliopona, karibu robo tu walikuwa na uvimbe wa namna hiyo. Yaelekea basi kwamba wengi wa wanaokufa huuawa na ubongo kuvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, hata vituo vinavyoongoza pumzi vikabanwa. Bila ya jicho kuthibitisha kwanza ni watoto gani wenye malaria ya ubongo kweli, uchunguzi huo ungewachanganya wagonjwa wa aina mbili na jibu lisingekuwa wazi.

DAMU ISIYOTOKANA NA MALARIA

Haifai kudhani kwamba kila tone la damu ndani ya jicho la mtoto ni malaria. Watoto wengi wachanga, takribani mmoja katika kila wanne, huzaliwa na matone ya damu katika retina kwa sababu ya kubanwa kichwa wakati wa kuzaliwa. Matone hayo hutoweka yenyewe katika wiki chache za mwanzo, na mara nyingi hakuna anayejua kwamba yalikuwapo.

Saratani ya damu na uambukizo wa vali za moyo huweza kuleta matone yenye kitovu cheupe, yanayofanana sana na yale ya malaria. Mtoto mchanga aliyetikiswa kwa nguvu na mtu mzima mwenye hasira huweza kuvuja damu katika retina za macho yote mawili, pamoja na ubongoni, bila ya jeraha lolote kuonekana kwa nje. Daktari anayetazama ndani ya jicho la mtoto aliyezimia hana budi kuyakumbuka hayo yote.

Kadhalika, iko damu inayoonekana kwa macho matupu. Mtoto akipigwa jichoni na jiwe la manati, fimbo au mpira, damu huweza kujikusanya mbele ya mboni na kutulia chini kama maji katika bilauri. Hiyo ni ajali ya sehemu ya mbele ya jicho, nayo huhitaji kufikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani damu huweza kutoka tena katika siku chache zinazofuata na kulipandisha shinikizo la jicho hata kuliharibu. Mtoto wa namna hiyo asipewe aspirini, maana dawa hiyo huzuia damu isigande.

JE, MTOTO HUPOFUKA?

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake anavuja damu ndani ya jicho, hofu yake ya kwanza ni upofu. Katika malaria ya ubongo, habari za jicho lenyewe ni njema. Matone hufyonzwa, weupe hutoweka, na mishipa hurudia rangi yake, yote katika muda wa wiki chache. Watoto wa Malawi waliopona na kupimwa macho baadaye walionekana kwamba retinopathi haikuwa imewapunguzia uwezo wa kuona. Wachache hushindwa kuona mara wanapozinduka, lakini kasoro yao imo katika sehemu ya ubongo inayotafsiri taswira, na wengi wao hurudiwa na uwezo huo polepole.

Hatari iliyobaki ni ya ubongo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, uliowafuatilia watoto wa Blantyre waliopona malaria ya ubongo yenye retinopathi, ulionyesha kwamba karibu theluthi yao walipata kifafa au matatizo ya tabia, ya kusema au ya viungo. Baadhi ya matatizo hayo hayakuonekana siku mtoto alipotoka hospitali, bali yalijitokeza miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo mtoto aliyepona anahitaji kurudishwa kupimwa, na mwalimu wake anahitaji kujua yaliyompata, ili asihesabiwe kuwa mvivu au mtukutu.

KIFAA NA MTAALAMU

Kutazama retina ya mtoto aliyezimia kunahitaji matone ya dawa ya kupanua mboni, kifaa kizuri na jicho lililozoea. Kifaa kidogo cha mkononi huonyesha sehemu ndogo ya retina kwa wakati mmoja. Kile kinachovaliwa kichwani, pamoja na lenzi inayoshikwa mkononi, huonyesha sehemu pana zaidi, hata zile za pembezoni ambako alama nyingine hujificha. Anayetia dawa ya kupanua mboni hana budi kuandika saa aliyoitia katika faili la mgonjwa, kwa sababu mboni pana isiyofinyika kwa mwanga ni dalili pia ya ubongo kubanwa, na muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kudanganyika.

Madaktari wa macho ni wachache, tena hukaa katika miji mikubwa. Uzoefu wa Malawi umeonyesha kwamba daktari wa kawaida na tabibu wanaweza kufundishwa kazi hii. Kamera za retina zinazopiga picha na kuzipeleka kwa mtaalamu aliye mbali zimeanza kujaribiwa, na zikipungua bei zitaweza kuzifikia hospitali za wilaya.

Matumizi ya kipimo hiki yana kanuni moja isiyopasa kusahauliwa. Kila mtoto aliyezimia na mwenye vimelea katika damu hupewa dawa ya malaria, jicho lionyeshe alama au lisionyeshe. Dawa hiyo ni atesuneti ya sindano. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2010, yaliyofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, yalionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliotibiwa kwa kwinini walikufa karibu 11, na kwa atesuneti walikufa 8 au 9. Jicho lisilo na alama halimwambii daktari aache kutibu malaria. Humwambia asiishie hapo: achunguze maji ya uti wa mgongo, apime sukari ya damu, aulize habari za sumu na za kuanguka, na aanze viuavijasumu bila ya kungoja.

DEGEDEGE NA WAJIBU WA WAZAZI

Hakuna kipimo kinachomfaa mtoto ambaye hakufikishwa hospitali. Katika sehemu nyingi za pwani ya Tanzania, degedege limekuwa likihesabiwa kuwa ugonjwa tofauti na malaria, uletwao na shetani au ndege wa usiku. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Bagamoyo na kutangazwa mwaka 1996 ulieleza jinsi mtoto wa degedege alivyopelekwa kwanza kwa mganga, na wengine waliamini kwamba sindano ya hospitali ingemwua. Wazee walioliona degedege kuwa hatari kuu hawakukosea juu ya hatari yake. Ila saa zilizopita katika kufukiza na kupaka dawa ndizo saa ambazo mishipa ya ubongo ilikuwa ikizidi kuziba.

Mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, alazwe ubavu, nguo zinazombana zilegezwe, na asitiwe kitu chochote mdomoni, kiwe kijiko, maji au dawa. Kisha achukuliwe mara moja. Mahali ambapo hospitali iko mbali, zahanati yaweza kumpa mtoto wa chini ya miaka 6 dozi moja ya atesuneti ya kupitishia njia ya haja kubwa, na safari iendelee. Dozi hiyo ni ya kununua muda, wala haimponyi kwa peke yake. Afikapo hospitali, mzazi amweleze daktari yote anayoyajua, pamoja na dawa za kienyeji alizopewa mtoto, kwani habari hizo ndizo zitakazomsaidia iwapo macho hayataonyesha alama za malaria.

Kinga nayo haijapitwa na wakati. Chandarua chenye dawa hubaki kuwa ngao ya kwanza, na tangu mwaka 2019, chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa kwa majaribio katika Malawi, Kenya na Ghana, ngao ya pili imeongezeka. Kadiri kinga hizo zinavyoenea na malaria kupungua, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya watoto wanaozimia itakavyokuwa na maradhi mengine, na ndivyo swali la jicho litakavyokuwa na maana zaidi. Ustadi wa kuitazama retina wahitaji kufundishwa sasa katika wodi za watoto, ili kila mtoto aliyezimia atibiwe ugonjwa alio nao, usiwe ule uliodhaniwa.